Hati miliki, hati ya kimila au mkataba wa mtaa: unaponunua au kukopea nyumba Tanga, karatasi ipi inakutosha?

Mtu mwenye akiba yake akiulizia viwanja Tanga, dalali anaweza kumzungusha sehemu tatu kwa siku moja. Asubuhi ni Kange: kiwanja kimepimwa, bikoni (alama za mipaka zilizowekwa na mpimaji) zipo, muuzaji ana hati miliki. Mchana ni Pongwe: kipande kikubwa zaidi kwa bei ya chini, na karatasi yake ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Jioni ni barabara ya Pangani hadi Kigombe, shamba la minazi lenye hati ya hakimiliki ya kimila. Bei za sehemu hizo tatu hazilinganishiki kwa mita ya mraba, maana kinachouzwa si kitu kimoja. Unapopunguziwa bei, mara nyingi unarithi kazi ambayo muuzaji hakuifanya: kupanga, kupima, kusajili, na pengine kukaa barazani na majirani kubishana juu ya mpaka.

Jambo la kutangulia kulijua, kwa karatasi zote, ni hili: karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji inaeleza hali ilivyokuwa siku ilipotolewa. Hali ya leo iko kwenye daftari. Kwa hati miliki, daftari liko kwa Msajili wa Hati, na kwa wakazi wa Tanga huduma hiyo inapatikana Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Kwa hati ya kimila, liko masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Mkataba wa mtaa hauna daftari, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

| | Hati miliki | Hati ya kimila | Leseni ya makazi | Mkataba wa mtaa |
|---|---|---|---|---|
| Anayetoa | Kamishna wa Ardhi | Halmashauri ya kijiji | Halmashauri ya mji au jiji | Muuzaji na mnunuzi wenyewe |
| Muda | Miaka 33, 66 au 99 | Kwa mwanakijiji yaweza kuwa bila kikomo | Mfupi, umeandikwa juu yake | Hakuna |
| Kipimo | Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa | Mipaka iliyohakikiwa na majirani | Namba ya nyumba kwenye picha au ramani ya eneo | Hatua, miti, maelezo |
| Rehani ya benki | Ndiyo | Baadhi ya wakopeshaji | Mikopo midogo | Hapana |
| Ukiuza | Uhamisho kwa Msajili | Idhini ya kijiji | Taarifa kwa aliyeitoa | Mkataba mpya juu ya mkataba |

Jedwali hilo linaonyesha sura tu. Undani wake uko kwenye kusoma.

Hati miliki

Hati za zamani zina kurasa kadhaa na ramani ya kiwanja imeambatishwa. Zinazotoka kwenye mfumo wa kielektroniki ni fupi zaidi. Zote zina mambo yaleyale. Anza na namba ya hati na namba ya jalada la ardhi, kisha kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Linganisha namba hizo na ramani ya upimaji, halafu nenda uwanjani na mpimaji akuonyeshe bikoni zenye namba zilizo kwenye ramani. Bikoni ikiwa imeng'olewa au imesogezwa, usilipe mpaka irudishwe kwa vipimo. Kukadiria kwa macho hakutoshi, kwani mita mbili zinazoonekana ndogo leo ndizo zitakazoula ukuta wako kesho.

Baada ya hapo tazama tarehe ya kuanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inaisha 2031, na muuzaji anayekutajia "miaka thelathini na mitatu" bila kukutajia mwaka wa kuanza hajakwambia kitu. Benki inayokopesha kwa miaka 15 haitaipokea.

Kisha matumizi: makazi, biashara, au makazi na biashara. Anayefungua nyumba ya wageni Raskazone kwenye hati ya makazi pekee amevunja sharti la hati, na uvunjaji wa masharti ni sababu inayotambuliwa na sheria ya kubatilisha milki. Yapo pia masharti ya uendelezaji, ambayo kwa kawaida humpa mmiliki miezi 36 kukamilisha ujenzi. Kiwanja kilichokaa pori miaka kumi kina hati halali, ila kina pia sharti lililovunjwa, na kuanzia siku utakapohamishiwa jina, mzigo huo ni wako.

Mwisho kodi ya pango la ardhi. Omba risiti za malipo za miaka iliyopita, maana deni hufuata ardhi. Watu huichanganya na kodi ya majengo ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Makato ya LUKU hayathibitishi umiliki. Mita hukata yeyote anayenunua umeme, mpangaji akiwemo.

Ukishaisoma, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili ukitumia namba ya hati. Jibu lake litakuambia jina lililosajiliwa, kama kuna rehani, kama kuna kaviati (zuio lililowekwa na mtu anayedai haki), na kama kuna amri ya mahakama. Fanya upekuzi mara mbili: kabla ya kukubaliana bei, na tena siku chache kabla ya kulipa fungu kubwa. Kati ya upekuzi wa Januari na malipo ya Machi mengi yanaweza kusajiliwa.

Barua ya toleo si hati

Wapo wanaouza kwa barua ya toleo, ambayo mitaani huitwa ofa. Barua hiyo ni Serikali ikisema iko tayari kukupa milki ukikubali masharti na kulipa ada zilizotajwa. Kama mlengwa hakuwahi kulipa, alichonacho ni ahadi iliyopitwa na wakati, na kiwanja kinaweza kuwa kilishagawiwa mwingine. Mara nyingi viwanja vilivyouzwa mara mbili huanzia hapa: mmoja ana ofa ya zamani, mwenzake ana hati mpya. Nenda na ofa hiyo idara ya ardhi ya Jiji, waangalie jalada, na ukubali kuendelea kama malipo yote yana stakabadhi za serikali.

Hati ya kimila

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 2001 pamoja na Sheria ya Ardhi Na. 4, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na milki inayotolewa na Kamishna. Kwa hiyo anayekwambia hati ya kimila "ni karatasi ya kijijini tu" amekosea. Mwanakijiji mwenye minazi na michungwa Muheza amelindwa kwayo vizuri.

Tatizo huja pale mgeni anapoinunua. Ardhi ile iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na kuihamishia kwa asiye mkazi kunahitaji idhini yake. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Unachotaka kuona ni muhtasari wa kikao: tarehe, akidi (idadi ya wajumbe inayotakiwa), majina na sahihi za wajumbe, na uamuzi wenyewe uliotaja jina lako, ukubwa wa eneo na mipaka. Muhtasari usiokuwepo kwenye jalada la kijiji, ukaletwa na dalali ukiwa karatasi moja isiyo na mahudhurio, uukatae.

Uliza pia kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama eneo unalouziwa limetengwa kwa malisho au hifadhi ya msitu, idhini haitakusaidia.

Na pwani kuna jambo la ziada ambalo wauzaji hawalitaji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kigombe, Tongoni, Mwambani, Sahare, kote pima mita hizo kwa kamba kabla ya kuipenda mandhari. Ekari moja ya ufukweni yenye upana wa mita 50 ina urefu wa mita 80 na ushei. Ukiondoa 60, unabaki na urefu wa mita 21 hivi, yaani karibu robo tu ya ulicholipia.

Ndugu wa Mombasa na Lungalunga waliooa au kuolewa Tanga wajue mapema kwamba asiye raia wa Tanzania kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa utaratibu wake maalumu. Kuandikisha kwa jina la shemeji huku fedha ni zako kunamfanya shemeji kuwa mmiliki.

Leseni ya makazi

Ni kibali cha muda kwa aliyekwisha kujenga eneo lisilopangwa. Humlinda asiondolewe ovyo, na baadhi ya wakopeshaji wadogo huipokea. Kama muda wake umekwisha na haijahuishwa, ihesabu kama mkataba wa mtaa.

Mkataba wa serikali ya mtaa

Makubaliano ya kuuza ardhi lazima yawe ya maandishi, na mkataba wa mtaa unalitimiza hilo. Mwenyekiti na mtendaji wanapogonga muhuri wanashuhudia kwamba wanawafahamu wahusika. Hawakuhamishii milki, na hawana uwezo huo kisheria. Ukidaiwa asilimia ya bei kwa ajili ya muhuri, omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo, isipokuwepo, usitoe.

Hata hivyo, nusu ya mji usingejengwa kama watu wangesubiri hati, na haitakuwa haki kumwambia mwenye kipato kidogo asinunue kabisa. Akinunua, mkataba wake uwe na nyama. Andika ukubwa kwa mita, si kwa hatua. Taja majirani wa pande nne kwa majina, nao watie sahihi. Andika muuzaji alivyoipata ardhi na ambatisha mkataba wake wa awali. Mwenzi wa muuzaji asaini, na watoto wakubwa wakiwepo wawe mashahidi. Malipo yapite benki au kwenye simu, mkataba utaje namba ya muamala. Wakili akiandaa na kushuhudia, gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa afisa mipangomiji wa Jiji na alama za kijiografia za eneo (simu inazitoa) umuulize eneo limepangiwa nini. Kipande cha bei nafuu chenye udongo mzuri kinaweza kuwa barabara, shule au eneo la wazi kwenye mchoro ulioidhinishwa. Kikiwa makazi na mtaa umeingia kwenye urasimishaji (kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa ili yapate hati), umenunua kitu kinachoelekea kupata hati. Kikiwa hifadhi ya barabara, umepoteza fedha.

Nyumba ya mirathi

Ngamiani, kuanzia barabara za mwanzo hadi za juu, zimejaa nyumba za Kiswahili ambazo hati au ofa yake ina jina la babu. Hapo ubora wa karatasi si hoja tena. Hoja ni nani anayeweza kusaini. Mtoto mkubwa hawezi, hata akiwa ndiye anayekaa humo na kulipa kodi. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwanza jina lake lisajiliwe kwenye hati kwa cheo hicho. Omba barua ya usimamizi na muhtasari wa kikao cha ukoo, halafu uliza warithi wote wako wapi. Shangazi aliye Pemba ambaye hakuhusishwa ndiye atakayekuja kufungua kesi, na madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ni muda mrefu wa kukaa ndani ya nyumba ukiwa na wasiwasi.

Zipo pia familia zinazotunza karatasi za enzi za ukoloni za milki ya kudumu. Milki hizo zilibadilishwa na sheria ya 1963 kuwa upangishaji wa Serikali wa miaka 99, na baadaye kuwa haki ya kutumia ardhi. Karatasi ya babu ni kumbukumbu nzuri kwenye upekuzi, lakini hamna milki ya milele ndani yake.

Gharama za kuhamisha

Kwa hati miliki, muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi, asilimia 10 ya faida. Aliyenunua na kujenga nyumba ya kupangisha kwa jumla ya milioni 30 akauza kwa milioni 42 ana faida ya milioni 12, kodi milioni 1.2. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani shilingi 420,000 kwa bei hiyo. Mthamini hufanya tathmini, na thamani inayoidhinishwa ikizidi bei mliyoandika, malipo hufuata thamani. Kuandika bei ya uongo mkatabani kunamwumiza mnunuzi zaidi, kwa sababu siku atakapouza yeye, gharama yake itaonekana ndogo na faida kubwa.

Kodi ya faida ni ya muuzaji, lakini bila cheti cha mamlaka ya mapato Msajili hahamishi jina. Hivyo muuzaji akishapokea fedha zote na kuondoka, mnunuzi ndiye anayebaki amekwama. Acha sehemu ya bei, inayotosha kodi hiyo, kwa wakili mpaka cheti kitoke.

Kukopa: aina nne za mkopo

Mkopo wa nyumba wa benki huanza na barua ya ofa ya mkopo, kisha hati ya rehani inayosajiliwa juu ya hati yako. Barua inasema riba na marejesho. Hati ya rehani inasema benki itafanya nini ukishindwa. Watu husoma ya kwanza na kusaini ya pili. Tafuta kwenye hati ya rehani maneno yanayosema inadhamini "madeni yote ya sasa na yatakayokuja". Yakiwepo, kadi ya mkopo au mkopo wa biashara utakaochukua baadaye nao umeingia kwenye nyumba.

Chukua mfano wa milioni 50, riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miaka 15. Marejesho ni karibu shilingi 699,800 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 625,000 ni riba na 74,800 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miaka 5 umelipa takriban milioni 42, na bado unadaiwa milioni 43 na kitu. Huo si udanganyifu. Ndivyo mkopo mrefu ulivyo, na ndiyo maana kifungu cha adhabu ya kulipa mapema ni muhimu kukisoma kuliko tarakimu ya riba yenyewe.

Mkopo wa mshahara au wa SACCOS hauchukui hati, muda wake ni mfupi, na humfaa anayejenga kwenye ardhi ya mkataba. Uliza swali moja: riba inahesabiwa kwa salio au kwa mkopo wote? Milioni 10 kwa asilimia 15 kwa miaka 5, ikihesabiwa kwa salio, unarejesha takriban 238,000 kwa mwezi. Ikihesabiwa bapa kwa mkopo wote ni 291,700. Jumla, tofauti ni zaidi ya milioni 3.2 kwa tarakimu ileile ya 15.

Wasiotaka riba wana murabaha, ambapo benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida isiyobadilika, na ushirika unaopungua, ambapo mnamiliki pamoja nawe unanunua hisa za benki kidogo kidogo huku ukilipa pango la sehemu yake. Huduma kama Al Barakah ya CRDB ziko kwenye kundi hili. Cha kulinganisha hapa ni jina: hati itakuwa ya nani kipindi cha malipo, uhamisho ni mmoja au miwili, na nani atalipa ushuru wa stempu.

Ya nne ni mkopo wa ujenzi, unaotolewa kwa awamu: msingi, linta, paa, umaliziaji. Hutaka kibali cha ujenzi na mchanganuo wa gharama. Hukwama pale fundi anapomaliza fedha za msingi kabla ya mkaguzi kuuona msingi, hivyo weka akiba ya awamu moja mfukoni.

Kwa aina zote zenye rehani, mthamini ataandika thamani mbili: ya soko na ya mauzo ya lazima, yaani bei ya kuuza kwa haraka. Benki hukopesha kwa kutazama ile ndogo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na sheria inasema wenzi wote wanaoishi katika nyumba hiyo. Mume mwenye wake wawili ndani ya uzio mmoja apeleke sahihi mbili. Rehani iliyofichwa mke si halali, na kesi yake humtesa hata mnunuzi wa mnada.

Ukishindwa kulipa, benki inapaswa kukupa notisi ya siku 60, na mnada wa ardhi hutangazwa hadharani siku 14 kabla. Siku hizo 60 zitumie kuomba kupangiwa upya, au kutafuta mnunuzi mwenyewe. Bei ya mnada ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wa kutafuta bei bora mpaka athibitishe vinginevyo.

Kumwekea ndugu hati yako kwa mkopo wake ni rehani kamili. Yeye anapata fedha, nyumba inayouzwa ni yako.

Ipi uchukue

Anayetaka kukopea ardhi ndani ya miaka miwili mitatu achukue hati miliki hata kama kiwanja ni kidogo. Kiwanja cha mita 400 Kange kinachokubalika benki kitamjengea nyumba mapema kuliko mita 1,200 za Pongwe zinazosubiri upimaji. Anayejenga kwa mshahara na hana haraka, mkataba wa mtaa kwenye eneo la urasimishaji unamfaa, ilimradi bajeti yake ina fungu la upimaji na hati. Mkulima wa kudumu anayehamia kijijini, hati ya kimila inamtosha kabisa. Anayenunua shamba la kijiji kwa matumaini ya kuligawa viwanja, tunamshauri asifanye hivyo kabla mpango wa eneo haujabadilishwa.

Na kwa aliyemaliza mkopo: benki itakurudishia hati, utaifungia kabatini. Kwenye daftari la Msajili bado umeandikwa mdaiwa. Dai hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, ipeleke isajiliwe, kisha lipia upekuzi mmoja wa mwisho uone mstari wa rehani umefutwa.